Tiba ya Saratani ya Tezi Dume na Hukumu Zake: Twahara, Uimamu na Haki za Ndoa

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyeumba maradhi na akaumba dawa. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake wote. Ama baada ya haya.

Ndugu msomaji, mada hii ni ya aibu kwa wengi, na ndiyo maana inaua. Miaka michache iliyopita, baada ya swala ya Ijumaa hapa Mwanza, alinijia mzee mmoja kutoka visiwani. Alikuwa mvuvi tangu ujana wake, na kwa zaidi ya miaka kumi alikuwa akiswalisha katika msikiti mdogo wa kijijini kwao. Alisubiri mpaka watu wametoka, akanong'ona: "Sheikh, daktari anataka kunihasi. Je, dini inaruhusu?"

Nilimjibu kwa haraka. Nilimkumbusha hadithi ya Ibn Mas'ud (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba masahaba waliokuwa vitani mbali na wake zao walimuuliza Mtume (S.A.W.) kama wajihasi, naye akawakataza. Nikamwambia asubiri, nitazame vitabu. Sikumuuliza anaumwa nini. Mzee akapanda meli akarudi kwao, akijua kwamba sheikh amekataza. Baada ya miezi kadhaa aliletwa mjini amebebwa, mgongo unamuuma na miguu haina nguvu, kwa kuwa saratani ilikwishaingia katika uti wa mgongo. Tiba ileile niliyomzuia alifanyiwa siku zile, na maumivu yakapungua, lakini miguu haikurudi kama zamani.

Makala hii ni deni langu kwa mzee yule. Nimeketi na madaktari, nimefungua vitabu vya mashekhe wetu, na haya ndiyo niliyoyapata.

TEZI DUME NI NINI?

Tezi dume ni kiungo kidogo, kama kungumanga kubwa, kilichopo chini ya kibofu cha mkojo na kuuzunguka mrija wa mkojo. Kazi yake ni kutoa sehemu ya maji ya manii. Pembeni mwake, kulia na kushoto, hupita mishipa ya fahamu myembamba kama nyuzi, nayo ndiyo inayoamrisha uume kusimama. Mwenye kuyafahamu mambo haya mawili, yaani mrija unaopita katikati na mishipa inayopita pembeni, ameshafahamu nusu ya maelezo yanayofuata.

Kuvimba kwa tezi dume kwa uzee si lazima iwe saratani. Wazee wengi hupata uvimbe wa kawaida, mkojo ukawa wa taabu, na hawana saratani. Kinyume chake, saratani inaweza kuanza bila ya dalili yoyote. Ndiyo maana vipimo vya damu, vya kidole na vya kuchukua kinyama vina umuhimu wake. Saratani hii ndiyo inayoongoza kwa wanaume wa Tanzania, na wengi katika Kanda yetu ya Ziwa hufika hospitali ya Bugando ugonjwa umeshasambaa mifupani.

TIBA NA ATHARI ZAKE

Tiba zake kubwa ni tatu, na kila moja ina athari yake katika maisha ya ndoa.

1. Upasuaji wa kuiondoa tezi yote. Hufanywa kama saratani haijatoka nje ya tezi. Mishipa ya fahamu ikikatwa au ikijeruhiwa, uume hushindwa kusimama. Daktari wa Marekani, Patrick Walsh, mwaka 1982 alianza njia ya upasuaji inayoihifadhi mishipa hiyo, na tangu hapo hali ni nafuu kuliko zamani, lakini hata hapo nguvu inaweza kuchukua mwaka mmoja mpaka miwili kurudi, na kwa baadhi hairudi. Jambo jingine ni kwamba manii hayatoki tena. Mtu anaweza kufikia kilele cha ladha akiwa mkavu, na hazai kwa njia ya kawaida. Mkojo nao huweza kuvuja, hasa miezi ya mwanzo, anapokohoa, anapoinuka, na wengine hata wakati wa jimai.

2. Mionzi. Kwa miaka mingi mgonjwa wa kanda hii aliyehitaji mionzi alisafiri mpaka Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Sasa Bugando nayo hutoa tiba hiyo. Athari ya mionzi katika nguvu za kiume haiji siku ile. Huja polepole, pengine baada ya mwaka au miaka miwili, mtu akadhani ni jambo jipya au amerogwa. Manii hupungua, na kibofu na njia ya haja kubwa huweza kuwashwa na kuuma.

3. Kuondoa homoni ya kiume. Hii ndiyo tiba ya saratani iliyosambaa, na ndiyo aliyoambiwa mzee wetu. Mwaka 1941 Charles Huggins na mwenzake Clarence Hodges, huko Chicago, walionyesha kwamba saratani hii hulishwa na homoni ya kiume inayotoka katika korodani. Ukiikata, saratani hunywea. Kwa kazi hiyo Huggins alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Homoni hukatwa kwa njia mbili: ama kuondoa korodani kwa upasuaji mdogo wa mara moja, ama sindano zinazopigwa kila mwezi au kila miezi mitatu. Sindano ni ghali na zinahitaji mtu asafiri kila mara, na kwa mwenye kuishi kisiwani, safari yenyewe ni gharama ya pili. Kwa hiyo wengi huishia katika upasuaji.

Athari ya tiba hii ya tatu ni tofauti na zile mbili. Hapa kinachoondoka kwanza ni hamu yenyewe. Mtu anamtazama mkewe, anampenda, lakini mwili hauna habari. Pamoja na hilo huja joto la ghafla kama la mwanamke aliyekoma hedhi, uchovu, kuongezeka mafuta, kupungua misuli, matiti kuvimba, mifupa kudhoofika na moyo kuwa mzito wa huzuni. Aliyetumia sindano, zikisimamishwa, homoni huweza kurudi baada ya miezi, ingawa kwa mzee pengine isirudi. Aliyeondolewa korodani, hali yake ni ya kudumu.

JE, NI KUHASI KULIKOKATAZWA?

Sasa tulirejee swali la mzee. Kuhasi kulikokatazwa katika hadithi ya Ibn Mas'ud, na katika hadithi ya Sa'd bin Abi Waqqas kuhusu Uthman bin Madh'un (R.A.), ni kule kwa mtu mzima wa afya anayetaka kukimbia matamanio au kuacha ndoa kwa ajili ya ibada. Sababu ya katazo ni kubadili umbile na kukata kizazi pasipo haja. Aliyepatwa na saratani hakimbii ndoa. Anakimbia kifo na maumivu.

Kanuni za fiqhi hapa ziko wazi: dharura huhalalisha yaliyokatazwa, madhara huondolewa, na yanapogongana madhara mawili hubebwa lililo jepesi. Mafaqihi wameruhusu kukata mkono au mguu uliooza ili kuokoa mwili. Urwa bin Zubeir, mmoja katika mafaqihi saba wa Madina, alikatwa mguu kwa ushauri wa matabibu alipokuwa safarini Sham, na wanachuoni wanamtaja kwa subira yake, wala hakuna aliyesema amebadili umbile la Mwenyezi Mungu. Ikiwa mguu ulio mzima nusu yake hukatwa kwa ajili ya uhai, basi korodani zinazolisha saratani ni vivyo hivyo.

Sharti zake ni tatu: daktari mjuzi na mwaminifu athibitishe haja, pasiwe na njia nyepesi zaidi ambayo mgonjwa anaimudu, na mgonjwa mwenyewe aridhie baada ya kuelezwa. Hili la tatu ninalitia mkazo. Nimekutana na wagonjwa waliotia dole gumba katika karatasi bila ya kuelezwa kwamba hamu itaondoka. Mgonjwa ana haki ya kuuliza, na mkewe vilevile.

Na kutafuta tiba ni katika mafundisho ya Mtume (S.A.W.), kama ilivyopokewa na Usama bin Sharik kwa Abu Dawud na Tirmidhi, kwamba aliwaamuru watu wajitibu na akabainisha kuwa kila maradhi yana dawa isipokuwa uzee.

HADHI YAKE MBELE YA WATU

Mkoa wetu ni wa wafugaji, na neno maksai kila mtoto analijua. Mzee alinieleza baadaye kwamba alichokiogopa kuliko kisu ni jina hilo. Basi na ijulikane kwamba uanaume katika dini haupimwi kwa korodani. Kafur al-Ikhshidi, aliyekuwa hasi, aliitawala Misri mpaka alipofariki mwaka 968 Miladia, na wanachuoni na washairi wakaja barazani kwake. Zheng He, jemadari wa China aliyezaliwa katika nyumba ya Kiislamu, alihasiwa utotoni. Merikebu za msafara wake zilifika mpaka pwani yetu ya Afrika Mashariki katika karne ya 15. Na huko Madina, kwa karne nyingi, wahudumu wa Msikiti wa Mtume (S.A.W.) walikuwa ni watu wa aina hiyo, wakiheshimiwa. Hatusemi kwamba waliowahasi watu hao walifanya jema, walidhulumu. Tunasema kwamba aliyedhulumiwa hakupungukiwa hadhi, seuze aliyetibiwa.

Matiti kuvimba au ndevu kupungua kwa sababu ya dawa si kujifananisha na wanawake. Kujifananisha ni kwa hiari na makusudio.

TWAHARA NA SWALA

Mkojo unaovuja. Huyu ana hukumu ya mwenye salasul-bauli. Katika madhhebu ya Imam Shafii (R.A.) atasubiri wakati uingie, ajisafishe, aweke kitambaa au nepi safi, atawadhe papo hapo, kisha aswali bila ya kuchelewa. Kuchelewa kwa maslahi ya swala, kama kusitiri uchi au kusubiri jamaa, hakudhuru. Kinachotoka baada ya hapo kinasamehewa. Kila faradhi moja ina udhu wake mpya na kitambaa kipya, na sunna ataswali atakazo kwa udhu ule. Akijua kwamba mkojo hukatika kwa muda unaotosha udhu na swala, atausubiri muda huo. Mwenye mpira wa mkojo naye atamwaga mfuko wake kabla, kisha afuate mwendo huohuo. Ikimlemea, Imam Nawawi ameipa nguvu kauli ya kujuzu kukusanya swala mbili kwa maradhi, na Maliki wana wepesi zaidi katika udhu wa mtu wa namna hii. Dini haina uzito, kama ilivyobainishwa katika Suratul-Hajj, aya ya 78.

Kukoga janaba. Wengi wanadhani kwamba kama manii hayatoki basi hakuna janaba. Hili ni kosa. Zikikutana tupu mbili, yaani hashafa ikizama, kukoga kunawajibika kwa wote wawili hata pasitoke tone. Ama akifikia ladha bila ya jimai na pasitoke manii, katika madhhebu yetu hakuwajibiki kukoga, kwa sababu hukumu imefungamana na kutoka kwake. Kilichovuja wakati ule kikiwa ni mkojo, ni kuosha na kutawadha. Wako pia waliokwanguliwa tezi iliyovimba kwa uzee, manii yao yakawa yanarudi kibofuni. Huyo akiona baadaye manii yametoka pamoja na mkojo, kwa yakini, atakoga. Akiwa na shaka halazimiki, na akikoga kwa ihtiyati ni bora.

Uimamu. Mzee wetu, alipopata nafuu ya kukaa, alisema: "Sasa mimi mihrabu basi." Nikamwambia hapana. Katika Minhaj ya Imam Nawawi kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba swala ya mzima nyuma ya mwenye salasul-bauli inasihi. Madhhebu ya Hanafi na Hanbali hawakubali, na Maliki wanaichukia, kwa hiyo penye jamaa mchanganyiko ni hekima kumtanguliza mwingine ili kuondoa mzozo. Ama kuondolewa korodani, Mashafii hawaoni kizuizi chochote katika uimamu wake. Maliki ndio waliochukia awe imamu wa kudumu. Na anayeswalisha kwa kukaa, maamuma wenye uwezo huswali nyuma yake wakiwa wamesimama. Kwa hiyo asiondolewe mtu katika mihrabu kwa uvumi wa sokoni.

Saumu. Sindano za homoni na mionzi hazitengui. Ama kipimo cha kidole na kuingizwa mpira wa mkojo, katika madhhebu yetu hutengua, basi vifanywe usiku ikiwezekana, au siku hiyo ilipwe.

HAKI ZA NDOA

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapobomoka. Mume anaona haya, anahama kitanda, anakuwa mkali. Mke hajaambiwa kitu, anadhani amepata mwingine. Wengine hutoa talaka ili wasiaibike. Mwenyezi Mungu (S.W.) amewafananisha wanandoa na nguo, kila mmoja kwa mwenzake, katika Suratul-Baqara, aya ya 187. Kazi ya nguo ni kusitiri kidonda, basi kidonda kisifichwe nguo.

Kwanza, mke aelezwe kabla ya tiba, kwa kuwa hili linamhusu naye. Aelezwe kwamba hamu ikiondoka ni kazi ya dawa, si kuchukiwa.

Pili, mapenzi hayaishi kwa kuisha jimai. Kukumbatiana, kulala pamoja, mazungumzo na kumgusa mwenzio ni katika kuishi kwa wema. Mume anaweza kumridhisha mkewe kwa njia za halali hata kama uume hausimami, na ana thawabu kwa hilo.

Tatu, mwenye wake zaidi ya mmoja, zamu haiondoki. Mafaqihi wameeleza kwamba zamu ni wajibu kwa hasi na kwa asiyeweza jimai kama ilivyo kwa mzima, kwa sababu makusudio ni kuliwazana. Hawezi kusema, "Sina nguvu, nitakaa kwa mkubwa tu."

Nne, haki ya mke. Katika madhhebu yetu na kwa wengi wa wanachuoni, mume akishamwingilia mkewe japo mara moja katika ndoa ile, kisha akashindwa, mke hana haki ya kuvunja ndoa kwa aibu ya uanini. Ule mwaka mmoja wa kusubiri aliouhukumu Umar bin Khattab (R.A.) ni kwa ambaye hajamfikia mkewe kabisa. Abu Thaur ameona kwamba hata aliyeshindwa baadaye hupewa muda. Pamoja na hayo, mke kijana anayeiogopea nafsi yake asifungwe kwa hoja ya kitabu na kunyimwa njia: iko sulhu, iko khului, iko talaka ya wema. Asitukanwe kwa kuomba, na anayesubiri naye asidhaniwe kwamba hana haja.

Tano, anayetaka kuoa mke mpya baada ya tiba hii ni lazima aieleze hali yake. Kuificha ni ghushi.

DAWA ZA KUREJESHA NGUVU

Vipo vidonge kama sildenafil, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, vipo vifaa vya kuvuta hewa, na zipo sindano za kupigwa penyewe. Vyote vinajuzu kati ya mume na mke. Vidonge husaidia zaidi pale mishipa ilipobaki. Havirudishi hamu iliyoondolewa na tiba ya homoni. Na ni hatari kubwa kwa anayetumia dawa za moyo za aina ya naitreti, shinikizo la damu huweza kuanguka ghafla. Visinunuliwe dukani bila ya daktari.

Tahadhari kubwa ni zile chupa za "nguvu za kiume" zinazouzwa masokoni na stendi. Chenye kuongeza homoni ya kiume, ikiwa kweli kinaiongeza, ni chakula cha saratani. Na mwenye kwenda kwa mganga akaambiwa amerogwa, amepoteza pesa, muda na pengine imani yake. Ama mkojo unaovuja, madaktari hufundisha mazoezi ya kukaza ule msuli unaozuia mkojo, mara kadhaa kila siku, kwa miezi. Hayana gharama na huweza kufanywa hata barazani.

NASAHA KWA MAIMAMU

Ndugu zangu maimamu na wanafunzi, mtu akija kwako na swali la namna hii, usimjibu kwa hadithi kabla hujamuuliza: Daktari amesema nini? Ugonjwa umefika wapi? Mkeo anajua? Ukishindwa, sema hujui na umpeleke kwa anayejua siku ileile. Usimrudishe kisiwani na neno la nusu. Siri yake ni amana shingoni mwako, usiitaje hata kwa mkeo. Na katika hotuba zenu wahimizeni wazee kupima mapema, kwani saratani inayoonekana ikiwa ndani ya tezi ina njia nyingi, na ile iliyofika mifupani njia zake ni chache.

Mzee wetu alirudi kwao. Nilipomtembelea nilimkuta ameketi katika mkeka, mihrabuni, maamuma wamesimama nyuma yake, na mkewe amemfulia vitambaa vyake vimeanikwa uani bila ya kuficha. Nilimwomba msamaha kwa jibu langu la siku ile. Akasema: "Sheikh, mimi nimekusamehe. Waandikie wengine." Nimeandika.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, awape subira wake zao, na atusamehe sisi tunaojibu kabla ya kuuliza. Amin.

Wallahu a'lam.